Namba ya Majaribio

Paskalina alipiga simu mara ya tatu kabla ya saa nane mchana, na Tabea akaiacha iite mpaka ikakaribia kukatika ndipo akaipokea.

"Dada Tabea, usinichoke jamani."

"Sijakuchoka, dada Paskalina. Niko kazini hapa."

"Kamati inakaa saa kumi na moja. Mwenyekiti ameshawatangazia watu wasilete hela mkononi, walipie kwenye mtandao wako. Sasa mtu akibonyeza anaambiwa ajaribu baadaye. Baadaye ipi? Harusi tarehe tano!"

"Saa kumi itakuwa tayari."

"Uniambie kweli."

"Kweli tupu."

"Haya. Na wewe tutakuchangia lini? Usituzeekee hapo na hizo kompyuta zako."

Tabea akacheka, kile kicheko cha kumridhisha mtu aliye upande wa pili wa simu, kisha akakata na uso wake ukarudi ulivyokuwa.

Kilikuwa chumba kimoja tu, Kijenge, juu ya duka la fundi cherehani, chenye dirisha linaloutazama Mlima Meru siku mlima ukikubali kuonekana. Siku hiyo haukukubali. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Juni, ile baridi ya Arusha inayomfanya mtu anywe chai mpaka chai yenyewe imchoshe, na ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri ukakaa. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, chupa ya chai na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye. Cha pili alikiwekea sweta, kwa sababu kiti kitupu kilikuwa kinamkera. Zamani kiti hicho kilikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe tutamfikia.

Tabea alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mkate wake aliupata kwenye tovuti ya kukusanyia michango aliyoitengeneza kwa mikono yake. Si unajua mambo yetu? Mtu haoi peke yake. Kuna kamati, kuna kadi, kuna kikao kila Ijumaa na katibu mkali kama Paskalina. Tabea aliwarahisishia kazi: mwenye kuchanga anaandika namba yake ya simu na kiasi, simu inamwomba namba ya siri, anaiweka, imeisha hiyo. Kwa anayetazama ni jambo la nusu dakika.

Nyuma ya hiyo nusu dakika, lakini, kuna jasho. Tovuti haiwezi kwenda yenyewe kubisha hodi kwenye kampuni ya malipo. Itarudishwa mlangoni kama kijana aliyekwenda kuposa bila mshenga. Kwa hiyo mwenye tovuti anatumia laibrari, yaani furushi la msimbo wa kompyuta lililokwisha kuandikwa na watu wengine, linalozijua adabu za nyumba ile: useme nini, lini, uonyeshe ufunguo gani. Wewe unalituma tu, linakwenda, linarudi na jibu. Tabea mwenyewe alizoea kuliita mshenga. Sasa wiki hiyo kampuni ya malipo ilitangaza kwamba mshenga wa zamani hapokelewi tena, aletwe mpya, na tangu asubuhi ya Ijumaa ile wakamfungia kweli. Ndiyo maana watu wa Paskalina walikuwa wanaambiwa wajaribu baadaye.

Alikuwa amemaliza kumweka huyo mpya, anataka kumjaribu, simu ikaita tena. Safari hii ilikuwa ya mama yake, Bi Elinipa, kutoka nyumbani Poli, huko mlimani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Tabea akatazama kipande cha mkate kilichokauka kwenye sahani. "Chakula, mama."

"Mh. Jumapili unakuja?"

"Nakuja."

"Mwalimu Meshack atafika baada ya ibada, yeye na shangazi yake. Mjomba wako anataka jibu siku hiyo hiyo. Kuzungushana hatutaki. Mtu mwenyewe amefiwa na mke, ana heshima zake, hajaja kuchezewa."

"Mimi simjui, mama."

"Utamjua. Kwani baba yako mimi nilimjulia wapi?" Bi Elinipa akakohoa, akalainisha sauti. "Mwanangu, mimi ninazeeka. Utasema ndiyo?"

"Nitakuja, mama."

"Nimekuuliza utasema ndiyo?"

"Nitakuja na tutaongea."

Ukweli ni kwamba alikwisha kuamua. Angesema ndiyo. Hakuwa na chuki na Mwalimu Meshack wala mapenzi naye. Alichokuwa nacho ni uchovu wa kupika kikombe kimoja cha mchele, wa kufungua mlango jioni na kukuta kila kitu pale pale alipokiacha. Jumatano iliyopita alikuwa ameugua homa siku mbili, na katika siku hizo mbili aliyemjulia hali ni fundi cherehani wa chini, aliyetaka hela ya umeme. Kitandani mle alijiambia, basi, nitaolewa. Jumapili ilikuwa keshokutwa.

Akarudi kwenye kazi yake. Tabea alikuwa na faili moja la majaribio ambalo kila akibadilisha kitu huliendesha. Linatuma ombi la shilingi mia kwenye namba moja ya simu iliyoandikwa humo tangu zamani, kisha linangoja jibu. Kwenye majaribio hakuna hela inayotembea wala simu inayolia. Kampuni inajifanya tu kwamba mtu amelipa, na jibu linarudi hata hujapepesa jicho.

Akaliendesha. Jibu halikurudi.

Akasubiri sekunde kumi, ishirini, arobaini. Alipokuwa anataka kulizima, ikatokea kwenye skrini: IMELIPWA.

"Mshenga mvivu wewe," akamwambia.

Akarekebisha mstari mmoja, akaliendesha tena. Sekunde thelathini. IMELIPWA. Akarekebisha pengine. Kumi na tano. IMELIPWA. Mara ya nne tisa. Mara ya tano hata hazikufika sita. Tabea akakunja uso. Kompyuta haiongezi kasi kwa kuzoea. Hizi zilikuwa sekunde za binadamu, mtu aliyeishika simu mkononi anangoja iingie.

Akalifungua jibu lote alisome mpaka chini. Kiasi, mia moja. Muda, saa nane na dakika arobaini na moja. Jina la mlipaji. Hapo siku zote huandikwa MTEJA WA MAJARIBIO. Leo paliandikwa MIKIDADI UWESU.

Mama yangu wee! Tabea alisimama, akakaa, akasimama tena. Akalisoma lile jina kama linaweza kubadilika.

Kosa akaligundua mara moja, maana lilikuwa kosa la mtu mwenye haraka. Mshenga wa zamani ukimwandikia tu neno "majaribio" alielewa kwamba unatania. Huyu mpya halijali hilo neno. Anatazama ufunguo uliompa, na Tabea alikuwa amempa ufunguo wa kweli, ule wa kutoza hela, badala ya ule wa majaribio. Maelezo yalikuwepo, aya ya pili ya tangazo, ile aliyoiruka. Kwa hiyo mara tano mchana ule simu ya Mikidadi ilikuwa imelia kweli, ikamwonyesha jina la tovuti ya Tabea, ikamwomba shilingi mia. Na mara tano Mikidadi alikuwa ameweka namba yake ya siri akalipa, bila kuuliza neno.

Na kwa nini namba iwe yake? Aa, hapo sasa.

Mikidadi alikuwa mtoto wa Mzee Uwesu, muuza vitenge wa mjini, katika ile mitaa ya zamani. Walijuana Tabea alipokwenda kununua sare za kwaya, na kitenge kikawa kisingizio cha miaka minne. Tovuti ilipokuwa inatengenezwa, Mikidadi ndiye aliyekaa kwenye kile kiti cha pili na simu yake, akalipa shilingi mia na kurudishiwa shilingi mia mpaka mambo yakakaa sawa. Siku akiwa dukani kwa baba yake, walifanya kwa simu.

"Imekuja?" Tabea anauliza.

"Imekuja."

"Lipa."

"Nimelipa. Hivi wewe mwanamke utanimaliza kwa hizi mia mia?"

"Nimekuganda, huchomoki."

"Nani kakwambia nataka kuchomoka?"

Namba ikaandikwa kwenye faili la majaribio, ikabaki humo. Hata baada ya kulifuta jina kwenye simu, namba ya kwenye faili hakuigusa. Alijidanganya kwamba pale ni tarakimu tu.

Kisha baba yake Tabea akaugua. Mzee Thomasi alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, mtu asiyepaza sauti. Kitandani hospitali aliomba wote watoke abaki na binti yake.

"Yule kijana simkatai," alisema. "Amenisalimia kwa heshima kuliko hata wajomba zako. Lakini mimi ni mzee wa usharika, Tabea. Nikishakutoa kwa Mwislamu, Jumapili nitakaa benchi gani?"

Tabea alilia tu. Siku ile ile, kwenye ngazi za hospitali, akamwandikia Mikidadi: "Tafadhali usinitafute tena." Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Sawa. Sitakutafuta. Ila namba yangu sibadilishi." Wiki ya tatu Mzee Thomasi akafariki. Na Mikidadi, jamani, akaishika ile ahadi kuliko Tabea alivyotaka aishike. Hakupiga, hakuandika, hata kumpa pole ya msiba hakumpa. Miaka miwili sasa. Watu walisema amekwenda Tanga.

Tabea akaichukua simu, akaiweka. Ampigie amwambie nini? Samahani, nilikosea ufunguo? Akarudi kwenye lile faili. Katika ombi la malipo kuna sehemu ya maelezo, maneno machache yanayotokea kwenye simu ya mlipaji pamoja na kiasi. Pale pameandikwa "Jaribio la malipo". Akayafuta. Akaandika neno moja, "Nisamehe", na kabla hajapata akili ya kujizuia akabonyeza.

Sekunde sita zikapita. Kumi. Ishirini. Chini, cherehani ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda. Dakika nzima ikapita. Halafu likaja.

MTEJA AMEGHAIRI.

Akalitazama. Hakulia. Alihisi kitu kimemkaa kifuani kizito, akakijua, maana alikaa nacho siku zote. Sawa, alijiambia. Nimestahili. Jumapili nitasema ndiyo, nitafua mashati ya Mwalimu Meshack, nitazeeka vizuri.

Simu yake ikaita. Namba haikuwa na jina, wala haikuhitaji.

"Hilo silipii," sauti ikasema.

Tabea akainuka kwenye kiti.

"Tano nimelipa bila kuuliza. Hilo la sita nimelikataa. Hujanikosea kitu, Tabea. Nikusamehe nini?"

"Mikidadi."

"Naam."

"Umenipigia."

"Si umenitafuta wewe? Mara sita! Nimetoka kuswali Ijumaa, nawasha simu, nakuta jina la tovuti yako linaniomba mia. Nikasema amekosea huyu. Nikalipa. Ya pili nikasema labda hajakosea. Ya tatu nikamtoa mteja dukani. Ya nne nikafunga duka kabisa, nikakaa nimeikodolea macho simu kama mwendawazimu."

"Ilikuwa bahati mbaya," Tabea akasema haraka haraka. "Yaani zile tano. Nimebadilisha laibrari, hii mpya inaangalia ufunguo, haiangalii neno, na mimi sikusoma, na namba yako ilikuwa..."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye faili."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

Akamsikia anavuta pumzi. "Na hilo la sita? Nalo bahati mbaya?"

"La sita niliandika mwenyewe."

Tabea alikuwa ameibana simu sikioni mpaka sikio linauma.

"Bado uko Kijenge?" Mikidadi akauliza.

"Pale pale."

"Kiti changu kipo?"

"Kipo. Nimekiwekea sweta." Akajifuta pua kwa kiganja. "Wewe uko Tanga?"

"Tanga nilikaa miezi minne ikanishinda. Niko Ngaramtoni."

"Ngaramtoni hii?"

"Kwani kuna nyingine? Mwaka na nusu sasa. Nauza mabomba na matangi ya maji."

Tabea akakaa chini taratibu. Ngaramtoni! Nusu saa kwa gari. Miaka yote ile aliyomwazia yuko pwani huko kwa watu wengine, kumbe alikuwa chini ya mlima huu huu, katika baridi hii hii.

"Mwezi wa pili nilipita hapo," akasema. "Siku ya soko. Nilinunua maparachichi."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Gauni la kijani. Ulibishana na yule mama kwa ajili ya mia mbili, ukashinda, halafu ukamwachia ile ile mia mbili. Nilikuwa ng'ambo ya barabara."

"Na hukuniita?"

"Uliniambia nisikutafute."

"Mikidadi, nilikuwa peke yangu siku ile. Nilikuwa peke yangu kabisa."

"Niliona," akajibu. "Hata kwenye msiba wa baba nilifika. Nilisimama barabarani kule kwenye magari, mpaka mlipomaliza. Nikaomba dua yangu, nikaondoka."

Hapo ndipo Tabea alipolia. Alilia kwa sauti, bila aibu, na yule mwanamume akamwacha alie, hakumkatiza kwa pole wala nyamaza. Alipotulia akasema lile ambalo lilikuwa halina budi kusemwa.

"Jumapili nyumbani kuna mtu anakuja kunichumbia. Mwalimu mmoja. Nilikuwa nimeamua kumkubali."

"Unampenda?"

"Simjui."

"Sasa?"

"Nakula peke yangu, Mikidadi. Naugua peke yangu. Nimechoka."

"Na mimi unadhani nakula na nani?" Akasema kwa ukali, kisha akajishusha. "Tabea, nisikilize. Nikikwambia nakuja Kijenge sasa hivi, nitakuwa nimefika baada ya nusu saa. Lakini siji."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tulijificha miaka minne, ukaona tulipofika. Mlango wa nyuma siingii tena. Mimi nyumbani nilishasema. Bi Mwanamkuu unamjua mama yangu, mpaka leo hajapoa, akinipakulia chakula ananiuliza yule binti wa Kimeru kanipa dawa gani. Lakini anajua. Amelisikia jina lako kinywani mwangu. Mama yako je?"

Kwa baba yake, Tabea alilia tu. Kwa mama hakuwahi kusema chochote. Waliishi miaka miwili wanalipitia lile jambo pembeni.

"Mwambie," Mikidadi akasema. "Akikataa, tutajua amekataa, tutajua tunabeba nini. Ila usiniache tena nikiwa sijui nimekataliwa na nani."

"Nikishamwambia?"

"Nijulishe."

"Nikishindwa kuongea?"

"Si una mshenga wako huyo mpya? Mtume. Mia ninayo."

Akakata yeye kwanza. Tabea akakaa na simu mapajani mpaka kioo kikazima. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa hofu ya utotoni, ya kuvunja kibuyu na kusikia hatua za mama uani. Lakini alijua vilevile kwamba asipopiga sasa, kesho atapata sababu, na keshokutwa Mwalimu Meshack atakuwa ameketi sebuleni na shangazi yake, chai imemiminwa. Akapiga.

"Mama."

"Kuna nini tena? Mbona sauti hiyo?"

"Mwalimu Meshack asije Jumapili."

Upande wa pili akasikia kuku, na sufuria ikiwekwa chini.

"Kuna mtu," mama akasema.

"Yupo."

"Ni yule yule."

"Ni yule yule, mama. Mikidadi." Lilikuwa jina alilolisema kila siku moyoni, na kwa mama yake alikuwa hajawahi kulitamka hata mara moja.

"Baba yako alisema."

"Najua alichosema."

"Na wewe ukakubali."

"Sikukubali. Nilinyamaza."

"Kwa baba yako kunyamaza ndiko kukubali!"

"Ndiyo maana leo nasema, mama. Nimechelewa, lakini nasema."

Bi Elinipa akaenda kumfukuza kuku mlangoni. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imechoka.

"Miaka miwili unakuja hapa. Unachota maji, unafagia, unapika, unaondoka. Hucheki. Nikawa nasema ni msiba, utapita."

"Msiba ulikuwepo. Na hili lilikuwepo."

"Ungeniambia."

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo. Hata sasa sijakukubalia, unanielewa? Usije ukamwambia mtu kwamba mama amekubali."

"Nimekuelewa."

"Mjomba wako atafoka mpaka Usa River wamsikie. Meshack nitamwambia mimi mwenyewe; ni mtu mzima, hawezi kuja kukalishwa bure. Lakini wewe Jumapili utakuja. Uje peke yako, usinijie na mtu. Uende pale kwenye migomba, penye kaburi la baba yako, uliseme hilo jina kwa sauti, nami nikiwa nimesimama pale nasikia. Halafu nitajiangalia kama naweza kulibeba."

"Nitakuja, mama."

"Uje na sukari. Imeisha."

Simu ikakatwa. Tabea akabaki katikati ya chumba. Hakuwa amekubaliwa, hakuwa amekataliwa. Na mtu pekee ambaye angetaka kuwa naye saa ile alikuwa nusu saa tu kutoka pale, na hakuwa na ruhusa ya kumwita. Upweke ulikuwa ule ule. Ila zamani alikaa nao kama mtu aliyesahauliwa, na sasa alikuwa na siku ya kwenda na neno la kusema.

Ujumbe wa Paskalina ukaingia: imekubali, mwenyekiti amechanga, Mungu akubariki mdogo wangu. Ilikuwa bado saa kumi kasoro robo. Mshenga mpya alikuwa anafanya kazi barabara.

Ilibaki kulisafisha lile faili: aweke ufunguo wa majaribio, aitoe namba ya Mikidadi, aweke ya kwake, kama anavyopaswa kufanya mtu anayeijua kazi yake. Akaanza. Alipofika kwenye namba akaiacha kwanza. Akapanda juu kidogo, kwenye sehemu ya maelezo, palipokuwa bado pameandikwa "Nisamehe". Akalifuta. Akafikiri. Akaandika "Nisubiri", akakagua ufunguo kwamba ni ule wa kweli, akabonyeza.

Sekunde kumi. Huko Ngaramtoni simu ilikuwa imeshalia. Sekunde ishirini. Alikuwa analisoma. Tabea alilijua lile neno linaomba nini: mjomba anayefoka, mama asiyekubali, mama mwingine asiyepoa, labda mwaka, labda zaidi, na mwisho wake haujulikani. Sekunde arobaini. Cherehani ya chini ikasimama. Hamsini. Akafumba macho, akajiambia kwamba akighairi safari hii hatamlaumu.

Alipofumbua, jibu lilikuwa limerudi.

IMELIPWA. Shilingi mia moja. MIKIDADI UWESU.

Tabea akalisoma mara moja tu. Kisha akachukua sweta lake kwenye kiti cha pili, akalivaa, maana baridi ilikuwa imezidi, na kiti akakiacha kitupu.